Ndoo Sita Katika Kumi

Kwa miaka mitatu niliwadanganya wafadhili wetu bila kutamka neno moja la uongo. Nilitumia kalenda tu.

Ninaishi Pasiansi, na kazi yangu ni kuratibu miradi ya shirika dogo, dogo kweli, ofisi nzima ni chumba kimoja na nusu, na hiyo nusu ni stoo. Mradi wetu mkubwa ulikuwa kwenye mwalo mmoja nje ya mji, pale ufukweni ambapo mitumbwi huteremsha samaki. Tuliwataka kina mama wa pale waache kuanika dagaa mchangani, waanike juu ya chanja za miti na nyavu. Dagaa wa mchangani hutafunika na mchanga wake. Mvua ikimkuta chini anaharibika, na hapo mnunuzi anayebaki ni yule wa chakula cha kuku, anayekuja na fuso kutoka Mkolani na bei yake mfukoni. Mama aliyeamka alfajiri kununua ndoo kwa wavuvi akitegemea kuuza chakula cha watu, jioni anauza chakula cha kuku. Chanja zingemaliza hayo. Hivyo ndivyo tulivyoandika, na wafadhili wetu, shirika lenye ofisi Dar es Salaam, wakatukubalia. Kipimo cha mafanikio kiliandikwa kwa mstari mmoja: idadi ya chanja zilizojengwa.

Tulizijenga zote. Nilikuwa naitaja hiyo idadi kwa sauti ya mtu aliyejenga daraja.

Sasa kuhusu kalenda. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina kazi mwezi ukiwaka. Kwa hiyo siku za giza mwalo unachemka, na siku za mbalamwezi wavuvi wanashona nyavu, kina mama wanasukana nywele na kwenda kliniki. Mimi nilipanga ugeni wote uangukie mbalamwezi. Nilijiambia ni heshima: mgeni akute ufukwe umefagiliwa, hakuna inzi wala harufu, mama zetu wana nafasi ya kukaa naye, wamefunga kanga za sare. Kwetu mgeni haonyeshwi jikoni wakati chungu kinafuka moshi. Basi mgeni alikuja, akahesabu chanja, akapiga picha, akala sato na ugali, akapanda gari. Miaka mitatu, na hakuna mfadhili hata mmoja aliyewahi kuona dagaa mmoja akikauka pale.

Nilijua kwamba chanja nyingi hazitumiki? Nilijua. Sikuuliza sana, kwa sababu jibu lingeniharibia ripoti.

Afisa wa wafadhili aliyekuwa anatusimamia alikuwa kijana wa Kihaya, mtaratibu, anayezungumza Kiswahili cha mtu aliyefundishwa na mwalimu mkali, na viatu vyake vilikuwa vinang'aa hata ufukweni. Jumatatu moja alinipigia simu. Safari yake imebadilishwa tarehe, anakuja Alhamisi ya wiki hiyo hiyo. Nilitazama kalenda ukutani, nikaona Alhamisi imeangukia giza totoro. Nikamwambia barabara imeharibika. Akasema atavaa mabuti. Nikamwambia kina mama watakuwa na kazi nyingi. Akasema, "Vizuri, ndiyo ninachotaka kuona."

Nikampigia mwenyekiti wa kina mama. Huyu ni mama wa Kisukuma wa makamo, mfupi, mwenye mikono mipana na maneno machache, namwita mayu, yaani mama, na mimi kwake ni mtoto ingawa nina watoto wangu watatu.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba mwanangu."

"Mgeni anakuja Alhamisi."

"Alhamisi ni giza. Tutakuwa na dagaa."

"Najua. Basi siku hiyo anikeni kwenye chanja."

Nilimsikia akimwambia mtu ashushe ndoo.

"Zote?" akauliza.

Nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa ya mtu anayejua kosa ni lake. Nikamwambia ndiyo, zote, siku moja tu. Akasema amesikia. Kusikia siyo kukubali, na nilipaswa kuwa nimelijua hilo, maana nimezaliwa Misungwi na mama yangu alikuwa anasikia hivyo hivyo.

Alhamisi tulifika jua likiwa limeshapanda kidogo. Mwalo wote ulikuwa mweupe wa dagaa, waliotandazwa mchangani kuanzia kwenye mitumbwi hadi kwenye mawe, na kina mama wameinama wakiwageuza kwa reki. Juu kwenye mteremko, karibu na barabara, chanja zetu zilikuwa zimesimama kwa mstari mzuri. Kwenye ya kwanza zilianikwa sare za shule. Kwenye ya pili kulikuwa na godoro la mtoto. Kwenye ya tatu kuku alikuwa amelala, ametulia kabisa, kana kwamba mradi ulikuwa wake.

Yule kijana akasimama. Hakutoa simu kupiga picha. Akamgeukia mwenyekiti, akamwamkia kwa kuinama kidogo, akauliza kwa upole kwa nini hawazitumii.

Mwenyekiti alinitazama kwanza. Sikumpa ishara yoyote. Akaanza kusema, na akaeleza yote pale pale. Chanja zilijengwa juu kwa sababu ndipo gari la mgeni linapofika. Ndoo ya dagaa wabichi ni nzito, na kuna mama anayenunua ndoo kumi asubuhi moja. Nani atazipandisha zote mlimani? Halafu mvua. Dagaa walio mchangani, ukiona wingu, unawafagia kwa pamoja na kuwafunika. Walio juu kule, mpaka ufike, wameshalowa.

"Tulisema siku ile ya kujenga," akamaliza. "Tukaambiwa mchoro umeshapita."

Aliyewaambia mchoro umeshapita ni mimi. Nakumbuka hata nguo niliyokuwa nimevaa siku hiyo.

Kabla hatujaondoka, wingu likatoka upande wa ziwa. Mvua ya huku haipigi hodi. Kina mama wakapiga kelele, wakakimbia, wakaanza kufagia kwa mafagio, kwa kanga, kwa mikono. Yule kijana naye akashika ncha ya turubai kuukuu pamoja na mwenyekiti, viatu vyake vikazama kwenye tope la dagaa. Waliokoa baadhi. Wengi walilowa. Jioni yake fuso la chakula cha kuku lilikuja na kujaa, nami niliambiwa kwa simu na mwenyekiti bila lawama yoyote. Afadhali angenilaumu.

Ndani ya gari, tukirudi mjini, kijana alikuwa anafuta tope kwenye viatu vyake mpaka karibu na lami. Kisha akaniuliza kama nilikuwa najua. Nikasema nilijua. Nilikuwa tayari anifokee, hata nilitaka, ili na mimi nipate pa kujibia. Badala yake alisema, "Na mimi sikuwahi kuuliza dagaa wanakwenda wapi. Wakubwa wangu wanataka idadi ya chanja, wewe unanipa idadi ya chanja, nami nawapelekea. Tulikuwa tunaridhishana." Nilitazama nje dirishani kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka, na sipendi kulia mbele ya mtu niliyemzidi umri.

Baba yangu alikuwa mfugaji, na sikuwahi kumsikia akihesabu ng'ombe. Alisimama kwenye mlango wa zizi wakiingia, akatazama, akasema yule mwekundu hayupo. Sisi tulikuwa tumehesabu nguzo za zizi miaka mitatu na kuandika kwamba ng'ombe wako salama.

Wiki mbili baadaye, mbalamwezi ilipoingia na kina mama walipokuwa na nafasi, kijana akarudi. Safari hii tulikaa kwenye ofisi ya mwalo, chumba cha bati chenye benchi mbili, kina mama wamejaa mpaka nje. Hakuja na projekta wala karatasi kubwa za ukutani. Aliuliza swali moja: mkiamka mwaka mmoja kutoka leo, ni nini kikiwa kimebadilika mtasema mradi huu ulifaa?

Walisema mengi, wakabishana kwa Kisukuma na Kikerewe, wakacheka. Mama mmoja alitaka choo, mwingine alitaka wanaume wapunguze pombe. Mwishowe mwenyekiti akasema, "Sisi tunataka dagaa wetu waliwe na watu." Halikuwa jambo la kubishania.

Basi hicho ndicho kikawa kipimo. Katika kila ndoo kumi zinazoanikwa hapa, ni ngapi zinakwenda sokoni kuliwa na watu, na ngapi zinaishia kwa kuku. Wangehesabu wao wenyewe, kila siku ya giza, kwa vizibo vya soda, kimoja kwa kila ndoo, ndani ya madumu mawili yaliyokatwa vichwa. Dumu jeupe la watu, la njano la kuku. Mama asiyejua kusoma angeweza kuhesabu sawa na mimi mwenye stashahada. Giza la kwanza tulihesabu kama lilivyo, ili tujue tunapoanzia. Ndoo tatu katika kumi. Nilipoliandika hilo kwenye ripoti, lilikuwa linafuta kwa mstari mmoja kurasa zangu zote za miaka mitatu.

Nilijaribu ujanja mmoja zaidi, nakiri. Wafadhili walikuwa na uwezo wa kujenga mapaa kwa nusu ya kina mama kwanza: chanja mpya chini kabisa karibu na maji, kila moja na paa la plastiki ngumu inayopitisha jua, unaloweza kulishusha mvua ikija. Nusu ya pili, wa upande wa mawe, wangesubiri awamu nyingine, na awamu hiyo ingetegemea matokeo. Nikapendekeza tuhesabu ndoo za walio na mapaa tu. Ingetupa namba nzuri. Kijana akasita, na hata naona alikuwa anakaribia kukubali.

"Hapana," mwenyekiti akasema. "Mwalo ni mmoja. Wahesabiwe wote."

"Mayu, tutajiumiza wenyewe."

"Tutajiumiza kwa namba au kwa dagaa?"

Tukaandika wote. Lengo likawekwa: ndoo saba katika kumi ifikapo mwisho wa masika. Kijana alituambia wazi kwamba wakubwa wake wametupa masika hayo tu, na hawezi kutuahidi kitakachotokea tukikosa. Nilimshukuru kwa hilo. Niliwahi kukaa na maafisa wanaoahidi kila kitu mpaka gari linapogeuza.

Halafu kina mama wakamgeukia yeye. Mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, akauliza: sisi tunapimwa kwa ndoo, nyie mnapimwa kwa nini? Kijana akacheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akanyamaza. Wakakubaliana kwamba kila tukiomba jambo, mstari mmoja wa chaki utachorwa kila siku kwenye ukuta wa ofisi ya mwalo hadi jibu lifike. Alisaini na hilo.

Jina la kwanza kwenye orodha ya mapaa lilipaswa kuwa la mwenyekiti. Alijiweka upande wa mawe, kwenye nusu ya pili. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hataki mtu aseme alijipakulia kwanza. Nikamwambia hiyo awamu ya pili huenda isije kabisa. Akasema anajua, na akaendelea kuunga kamba ya reki yake.

Vifaa vya mapaa vilichelewa. Karatasi ilikwama kwenye meza ya mtu fulani Dar es Salaam, na mistari ya chaki ikatembea ukutani mpaka ikafika kwenye fremu ya dirisha. Mvua za kwanza zikatukuta hatuna paa hata moja. Dumu la njano likajaa mara mbili. Kijana alipokuja na kuuona ule ukuta, alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akaupiga picha. Ndiyo picha pekee aliyopiga kwetu mwaka ule. Sijui aliwaambia nini wakubwa wake alipowaonyesha, lakini vifaa vilifika, na tangu hapo mistari yetu haikuwahi tena kuvuka upana wa kiganja.

Masika yale nilifanya kazi kuliko nilivyowahi kufanya maishani. Nilikuwa naondoka Pasiansi kabla watoto hawajaamka. Nilijifunza kushusha paa kwa mikono miwili na meno. Paa moja lilipeperushwa na upepo likatua kwenye mtumbwi, tukalibadilishia fundo. Kamba za nailoni zilikatika, mvuvi mmoja akatuonyesha namna anavyofunga nyavu zake, tukamuiga. Kijana akawa anapiga simu, na hakuuliza tena "chanja ngapi", alikuwa anauliza, "Leo dumu lipi limezidi?" Siku nyingine lilizidi la njano, na nilimwambia hivyo hivyo. Ajabu ni kwamba nililala vizuri mwaka ule, mimi niliyekuwa naamka kila mwisho wa robo nikihesabu chanja kitandani.

Upande wa mapaa mambo yalikuwa yanaonekana kwa macho. Dagaa walikauka weupe, wakavunjika kwa sauti. Wanunuzi wa Misungwi na wa mbali zaidi wakaanza kuwaulizia. Upande wa mawe, mwenyekiti na wenzake waliendelea kufagia na kukimbia na turubai lao, na fuso la kuku liliendelea kupiga honi kwao.

Mvua ilipokatika, tukakaa kwenye benchi la ofisi ya mwalo kujumlisha vizibo vya msimu mzima. Mwenyekiti alikuwa anavimwaga sakafuni kumi kumi, mimi naandika. Tulirudia mara tatu. Hesabu ikasimama kwenye sita na nusu, ikizidi kidogo tu.

Nikaweka kalamu chini, nikasema polepole, "Mayu, shuleni tulifundishwa, sita na nusu na zaidi unaandika saba."

Alikuwa amepiga magoti juu ya vile vizibo. Akainua uso.

"Hiyo nusu ndoo unayoongeza imeliwa na watu au na kuku?"

"Ni hesabu tu. Kila mtu anafanya hivyo. Tukiandika sita, awamu ya pili inaweza kufa."

"Najua inaweza kufa."

"Wewe ndiye uko kwenye awamu ya pili!"

Nilikuwa nimepaza sauti, tena kwa mtu mzima. Hakukasirika. Akakusanya vizibo kwenye kanga yake, akavimwaga ndani ya dumu.

"Nimeanika mchangani masika yote nikisubiri zamu yangu," akasema. "Kama ni kudanganya, mimi ndiye ningeanza. Ukiandika saba, watasema hapa kazi imeisha. Andika sita, zilizotimia."

Niliandika sita. Niliituma ripoti mchana ule ule nikiwa bado mwaloni, nikiwa nimesimama juu ya jiwe kutafuta mtandao, maana nilijua nikifika ofisini nitabadilisha. Mama mwenye mtoto mgongoni akachukua chaki, akachora mstari wa kwanza.

Jibu lilikuja mistari ikiwa minne. Kijana aliandika kwamba wameipokea sita. Wakubwa walikuwa wamekaa nayo, wakabishana, na mmoja wao alisema ndiyo ripoti ya kwanza kutoka kwetu aliyoisoma hadi mwisho. Kabla ya kuamua juu ya awamu ya pili walikuwa na swali moja, na walitaka jibu la kina mama wenyewe, siyo langu: zile nne zilizobaki zinapotelea wapi?

Ningeweza kumjibu kutoka kwenye daftari langu. Badala yake nilipanda bodaboda hadi mwaloni, nikashuka kwa miguu hadi upande wa mawe. Ilikuwa siku ya giza. Mwenyekiti alikuwa ameinama katikati ya dagaa wake, akiwageuza kwa reki, na nyuma yake juu ya ziwa wingu lilikuwa limeshaanza kukusanyika. Nikamsomea ujumbe wote kwa sauti, kwa sababu upepo ulikuwa mkali.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akapiga ncha ya reki chini, kwenye mchanga, kati ya miguu yake.

"Hapa," akasema. "Mwambie zinapotelea hapa."

Akaniwekea ncha moja ya turubai mkononi, na tukaanza kukimbia.